Ukuta wa Baba Bado Wasema Haiuzwi

Mpwa wangu alinitumia picha Ijumaa asubuhi, nimo kwenye treni natoka zamu ya usiku, nje ukungu na Hamburg yote rangi ya majivu. Picha ya ukuta wa mbele wa nyumba yetu ya Majengo, Mombasa, ambayo sasa tunaiuza. Umepakwa rangi nyeupe mara mbili, na bado yanasomeka maneno aliyoandika baba: NYUMBA HII HAIUZWI. Chini yake kijana kaandika, "Halati, babu hataki." Halati ndiyo mimi, dada wa mamake.

Maneno hayo yana kama miaka kumi na minane. Siku hiyo sote tulikuwa arusini Kisauni. Tuliporudi, mpangaji wa chumba cha nyuma akatuambia walikuja watu wawili, mmoja kavaa suti, wakapima baraza kwa hatua, wakachungulia uani, wakauliza maji ya kisima ni ya chumvi au matamu. Mwenye suti alikuwa na karatasi zilizosema nyumba ni yake. Mpaka leo hatukumjua. Baba hakupiga kelele. Alikwenda dukani akanunua kopo la rangi ya mafuta, nyeusi, akapanda juu ya kiti cha plastiki akaanza kuandika. Hakupima. Herufi za mwanzo kubwa kama za ubavuni mwa meli. Alipofika HAI ukuta ukawa wamwishia, zilizobaki zikabanana na dirisha, na ile I ya mwisho ikateremka peke yake kama abiria aliyekosa kiti kwenye matatu. Mama alicheka hadi akakaa chini. Baba akamwambia, "Cheka tu. Watakuja tena, na watasoma."

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, wala si ya kupigwa picha za watalii kama zile za Mji wa Kale. Baraza mbele, ukumbi umenyooka kutoka mlangoni hadi uani, vyumba vitatu huku na vitatu huku. Jiko na choo viko uani. Kuta za miti na udongo zilizopigwa lipu baadaye, paa lilikuwa makuti kabla sijazaliwa, sasa mabati. Sakafu ya baraza ni saruji nyekundu, na mahali alipokaa nyanya akiuza mbaazi na mahamri pamelika pakawa na kibonde. Mvua ikinyesha maji hutuama hapo hapo. Vyumba vitatu tulikuwa tukipangisha. Kodi yake ndiyo iliyonisomesha.

Sasa jaribu kumweleza Mjerumani kwamba tunauza nyumba lakini ardhi si yetu. Mwenzangu kazini aliniuliza mara tatu. Nikamwambia, kwetu Mombasa ni jambo la kila siku: mtu ana nyumba, mwingine ana kiwanja. Mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi, mwenye ardhi hutoa risiti, na watu wakazaliwa na kufa hivyo. Mizizi yake ni ya zamani. Mwaka 1908 wakoloni walitunga sheria iliyowataka watu wa pwani walete madai yao ya ardhi yaandikwe. Waliojua njia za ofisi wakaandikiwa, isiyodaiwa ikawa ya serikali, na wengi wakajikuta wageni chini ya miembe waliyoipanda wenyewe. Babu yangu alijenga kwa ruhusa ya mdomo. Ushahidi wetu wote ni risiti, zimejaa mkebe wa biskuti, za mwanzo zimeandikwa kwa wino uliogeuka kahawia. Mwenzangu akaniambia kumbe na kwao mtu huweza kujenga juu ya ardhi ya mwingine, waita Erbbaurecht, tofauti ni kwamba kuna mkataba, mara nyingi wa miaka 99, na umeandikwa kwenye daftari la serikali. Nikanyamaza. Sisi tuna mkebe wa biskuti.

Baba alipofariki tulikwenda kwa Kadhi. Aliacha mke, wana wawili wa kiume na watatu wa kike, na hesabu ikatoka bila mabaki: mama thumni, yaani sehemu moja ya nane, kila binti thumni, kila mwana wa kiume thumni mbili. Nane kamili. Tukiwa watoto thumni ilikuwa senti 50, twanunulia mabuyu. Bei waliyoafikiana na mnunuzi ni shilingi milioni 2.4, kwa hiyo thumni yangu ni laki tatu, kama Euro 2,000, kabla dalali hajachukua chake na kabla mwenye ardhi hajadai chake ili amwandike mtu mpya kitabuni. Kwa kiwanja chenye hati, hapo hapo karibu na barabara ya Jomo Kenyatta, dalali asingethubutu hata kuitamka bei ndogo hivyo.

Mimi ndiye niliyekataa kuuza. Mwaka mzima nilikataa. Niliandika kwenye kundi la familia maneno marefu kuhusu nyanya na baraza, nikajiona nimesema. Dada yangu mkubwa, ambaye huwa haandiki, akatuma ujumbe wa sauti. Nyuma yake nasikia maji yakidondoka ndani ya ndoo.

"Wewe waipenda nyumba ya kwenye simu," akasema. "Hii yavuja. Mama magoti yamekwisha, choo kiko uani, usiku namshika mkono mimi. Wataka tuihifadhi, haya, njoo uihifadhi."

Sikumjibu siku mbili. Nilikuwa nimetuma pesa za mabati mara moja, mwaka 2019, nikazikumbuka kana kwamba ni za jana.

Mama sasa yuko kwa kaka, Bamburi, choo ndani. Nilimpigia nikidhani atalia, tulie pamoja. Aliniuliza kama nimepata mchele mzuri huko, kisha akasema, "Mwanangu, baba yako aliandika kwa ajili ya wezi. Mnunuzi huyu kaja kwa salamu, kanywa kahawa. Tia sahihi."

Basi nikapanda treni hadi Berlin, ubalozini, kutia sahihi karatasi ya kumpa kaka uwakilishi. Kazi ya dakika chache, safari ya siku nzima.

Kuhusu ukuta, fundi kasema kosa ni letu: rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta. Lazima ipigwe msasa kwanza, herufi moja moja, ndipo ipakwe. Dalali hataki mnunuzi aje na wazee wake wakute maneno yale. Mpwa wangu ameanza kupiga msasa kutoka mwisho, kwenye ile I iliyoteremka, na ananiambia mkono wamuuma. Jana nimemtumia pesa za msasa na kopo la tatu.