Chetezo Chenye Ngozi ya Karafuu

Vuli ya 1997, ile ya mvua za El Niño, majamvi ya karafuu kwetu Pemba yalianikwa na kuanuliwa mara tatu kwa siku. Nilikuwa na miaka 15, na moyo wangu wote ulikuwa kwenye chetezo, chombo cha kufukizia udi.

Bibi mzaa mama alikuwa mfinyanzi. Aliviringa udongo kama mkia, akaupandisha duara juu ya duara, kisha akauparuza kwa kombe ya pwani mpaka ukuta ukawa mwembamba. Vyungu vyake vilikuwa laini. Mimi changu nilikiacha kibenue tumbo, nikachukua karafuu kavu nikazididimiza vichwa chini, moja moja, alasiri nzima. Kila karafuu iliacha kijishimo cha duara, na pembeni yake ncha nne, kama nyota. (Miaka mingi baadaye niliona vigae vya vyungu vya Unguja Ukuu, mji wa kale kisiwani Unguja, vya zaidi ya miaka 1,000, vimechanjwa pembetatu. Nilisimama pale muda mrefu.)

Bibi alikigeuza geuza. "Hiki hakikufinyangwa," akasema, "hiki kimeota."

Ila kitako nilikifanya kinene, kihimili makaa. "Kitie shavuni," aliniambia. "Kikiwa baridi, maji bado yamo."

Kilikuwa baridi siku ya nne, na siku ya kumi. Lakini mama alikuwa anakuja kutoka Unguja, nami nilitaka akikute kimeiva. Siku jua lilipotoka nikamwambia Bibi kimekauka.

Tukapanga vyombo juu ya makumbi na vifuu, tukafunika makuti makavu, tukawasha. Moto haujakolea, nikasikia paa! Maji yaliyojificha kitakoni yamegeuka mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea hupasua. Chetezo changu kikaondoka na vyungu viwili vya Bibi.

"Ulikitia shavuni?"

"Nilikitia, Bibi."

"Kilikuwaje?"

"Baridi."

Hakusema neno. Usiku ule sikula.

Asubuhi nikamkuta uani na kinu kikuukuu. Ameviokota vigae vyote, vyangu na vyake, anavitwanga. Nyota zangu zikawa unga. Akauchekecha, akauchanganya na udongo mbichi, maana unga wa vigae huupa udongo vinyweleo, ukauke vizuri na usipasuke. Akanikatia bonge.

"Haya. Anza na kitako."