Kelly Clarkson alishinda shindano, halafu mkataba ukataka kumshinda

Jana badala ya kulala nimekaa naangalia klipu za Kelly Clarkson, yule mwimbaji wa Marekani, zile za mwanzo wa shoo yake anapoimba wimbo wa mtu mwingine na bendi iko nyuma yake, moja ikaita nyingine mpaka saa nane usiku. Asubuhi binamu yangu kanikuta macho mekundu, akachungulia simu, akaniuliza kwani huyu si yule wa mashindano ya TV, hawa si huwa wanapotea? Nikamjibu hovyo sababu nilikuwa na usingizi. Sasa usingizi umeisha ndo naandika jibu langu hapa.

Ni kweli wengi wanapotea. Na mi naona sababu sio kipaji, mtu aliyepita machujo yote yale mbele ya jaji mkali kama Simon Cowell anajua kuimba, hilo tusibishane. Shida iko kwenye zawadi. Sisi tunaoangalia tunadhani wanapewa umaarufu, kumbe wanachopewa ni mkataba wa kurekodi, yani unapata bosi laivu kwenye TV huku unalia na vikaratasi vinakumwagikia kichwani, na hakuna mtu anayesoma mkataba vizuri akiwa analia.

Kelly alikuwa na umri wa miaka 20 wakati huo. Alishaenda Los Angeles kujaribu bahati, nyumba aliyokuwa anakaa ikaungua moto, akarudi kwao Texas kuwa mhudumu wa kubeba vinywaji. American Idol, shindano la kuimba la TV ya Marekani, ndo ilikuwa inaanza, msimu wa kwanza kabisa, hakuna aliyejua mshindi anatakiwa awe mtu wa aina gani wala atafanywa nini akishashinda. Fainali ilikuwa tarehe 4 Septemba 2002, akamshinda Justin Guarini, na wimbo wake wa ushindi ukaruka kwenye chati ya Billboard kutoka namba 52 mpaka namba 1, ukavunja rekodi ya mruko ambayo walikuwa nayo Beatles tangu 1964. Eti mhudumu wa juzi tu kawapita Beatles! Hapo kama wewe ndo lebo, yani kampuni ya kurekodi, unaona umeokota dhahabu, na ukishaokota dhahabu hutaki tena ijiamulie inakwenda wapi.

Kitu cha kwanza walichomfanyia ni kumpeleka kwenye filamu. Yeye na Justin, ya kuimba na kucheza ufukweni, ilitoka 2003 na ikadoda vibaya sana, naomba msiitafute. Kelly mwenyewe ameshasema alifanya kwa sababu mkataba ulimbana. Justin alikuwa na albamu moja hapo, haikuuza, wakaachana naye, baadae akajijenga kivyake kwenye maigizo ya jukwaani Broadway.

Ila kisa ninachokipenda ni cha wimbo wa "Because of You". Aliuandika akiwa na miaka 16, ni kuhusu wazazi wake kuachana na vile mtoto anavyojifunza kuogopa. Akaupeleka kwa ajili ya albamu ya kwanza, ukakataliwa. Hakuutupa, akaurudia na maprodyuza wengine, ukaingia kwenye albamu ya pili, Breakaway ya mwaka 2004, na ukawa moja ya nyimbo zake kubwa kuliko zote duniani! Albamu yenyewe ndo ile yenye "Since U Been Gone", ikampa tuzo 2 za Grammy mwaka 2006. Sasa niambie, ukishakataliwa wimbo halafu wimbo huohuo ukaja kubeba albamu, utaendelea kuamini sikio la ofisi au la kwako?

Kelly akaamini la kwake, na hapo ndo vita ikaanza.

Albamu ya tatu, My December, 2007, alitaka kuandika mwenyewe na iwe ya roki, ya hasira, ya mtu aliyechoka. Bosi mkubwa wa lebo alikuwa Clive Davis, huyu mzee ndo aliyemtoa Whitney Houston kwahiyo sio mtu wa kubishana nae kirahisi, na yeye alisema wazi haoni hiti mule. Mvutano ukatoka ofisini ukaingia magazetini, Kelly akaachana na meneja, ziara yake ya viwanja vikubwa ikafutwa kwa tiketi kutouzika. Albamu ilianza namba 2 lakini ukilinganisha na Breakaway ilionekana ni anguko.

Hapa mashabiki wenzangu mtanichukia. Nimeisikiliza My December mwanzo mwisho mara nyingi tu na naona Clive kwenye suala la hiti hakukosea. Kuna nyimbo mule ni nzito, hazishikiki haraka, nyingine huwa naziruka mpaka leo. Alichokosea ni kudhani hiti ndo kitu pekee ambacho Kelly alikuwa anakitafuta. Msichana alikuwa miaka mitano ndani ya kazi na alikuwa hajawahi kukosea kwa uamuzi wake mwenyewe, makosa yote mpaka hapo yalikuwa ya watu wengine, filamu ile ikiwemo, na mimi naamini mtu asiyewahi kuachiwa akosee mwenyewe hawezi kudumu kwenye hii kazi. Ndo maana watu wakiita 2007 mwaka wake mbaya huwa sikubali.

Na wala hakushinda ile vita, tusidanganyane. 2009 alirudi na nyimbo za maprodyuza wa hiti, singo ya kwanza ikaruka kutoka namba 97 mpaka namba 1, rekodi tena, lebo ikawa imethibitisha inachotaka kuthibitisha. Mwaka huohuo likatokea la "Already Gone". Kelly aligundua muziki wake unafanana na wa "Halo" ya Beyoncé, prodyuza wa nyimbo zote mbili akiwa Ryan Tedder, akasema hataki itoke kama singo watu wasije wakamwona mwizi. Ikatolewa hivyohivyo! Mpaka leo nikisikia ule mwanzo wa piano na ngoma huwa namfikiria yeye tu kwenye kikao, anasema hapana na watu wanaendelea kupanga tarehe.

Basi akahesabu albamu. Saba za studio chini ya ule mkataba, kuanzia ya 2003 mpaka Piece by Piece ya 2015, katikati hapo akachukua Grammy nyingine 2013 kwa albamu ya Stronger, akaolewa, akazaa. Haikuwa na drama. Akamaliza deni lake kama mtu anayelipa mkopo, 2016 akasaini lebo nyingine aliyoichagua mwenyewe, akiwa na miaka 34. Kiti cha kocha kwenye The Voice, shindano jingine la kuimba la TV, na shoo yake ya mchana iliyoanza 2019 vyote vimekuja baada ya hapo, na ndo vinamfanya binamu yangu amjue kwa sura bila kujua alitokea wapi.

Klipu iliyonikesha lakini sio ya shoo, ni ya Februari 2016. Kabla hajasaini kokote, American Idol ilimwalika kwenye msimu uliokuwa unaitwa wa mwisho (ilirudi baadae, mashindano haya hayafi). Alikuwa mjamzito mkubwa tu, akaimba "Piece by Piece" na piano basi, wimbo kuhusu baba aliyeondoka, yani mada ileile ya ule wimbo wa miaka 16 uliokataliwa, safari hii anamwongelea pia mume aliyebaki. Sauti ikamkatikia katikati, Keith Urban kwenye kiti cha jaji anafuta machozi, wiki iliyofuata wimbo uliotoka 2015 ukawa umeingia kumi bora.

Ndoa yenyewe ilikuja kuvunjika, na 2023 akatoa albamu nzima kuhusu hilo, inaitwa Chemistry. Ndo naianza sasa hivi. Binamu kaomba tuisikilize wote ila kasharuka nyimbo mbili.