Harusi ya Pili kwa Mume Yule Yule

Mtu akikwambia kwamba kufanya harusi tena na mume wako mwenyewe ni mambo ya watalii wa Nungwi, mwache aseme. Mie nimefanya, hapa hapa Wete, Pemba, na shughuli nzima haikufika laki sita. Hapo natoa kitu kimoja ambacho nitakieleza mbele, kwa sababu hicho hakimo kwenye gharama za shughuli. Hicho kilikuwa deni.

Wazo lilitoka kwa mtoto wa kaka yangu, anayefanya kazi hotelini Unguja. Anasema huko hakwishi mke na mume wa Kizungu, watu wazima, wanasimama ufukweni jua linapotua na kuambizana tena zile ahadi walizopeana siku ya ndoa. Mwaka ule mie na mume wangu tulikuwa tunatimiza miaka thelathini, tulioana 1994. "Shangazi, nanyi fanyeni! Tena mnayo Vumawimbi, bahari ya bure." Akaanza kunipangia tao la maua, viti vyeupe, mpiga picha na ile kamera inayoruka. Bei akaitaja kwa dola. Nikamwambia, mwanangu, Vumawimbi naijua. Mpaka uivuke Konde, uupite msitu wa Ngezi, halafu hao wazee wetu wa magoti mabovu utawabeba wewe mchangani?

Lakini neno lilishaingia nyumbani, na wanangu wakalidaka. Wakafungua kundi la WhatsApp. Haikupita siku tukawa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na watu ambao hadi leo sijui nani aliwaingiza. Bajeti ikapanda mpaka milioni nne. Ndani yake mlikuwa na keki ya ngazi, mshereheshaji kutoka Unguja, sare ya wanakamati na gari ya maharusi. Gari ya kutupeleka wapi? Sisi na msikiti tunapakana ukuta! Nilipouliza, mwenyekiti akanijibu kwa kile kidole gumba cha njano.

Ahadi za michango zilikuwa nyingi, pesa hazionekani. Mtu wa kwanza kutuma kitu cha maana alikuwa shemegi yangu aliyeko Maskati, laki moja taslimu, na chini yake maneno: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, Mola amlaze pema." Kumbe yule mweka hazina alimwandikia "tunachangia shughuli ya Baba," basi, hakuongeza neno. Shemegi akaelewa anavyoelewa mtu aliye mbali na kwao. Mara simu ya mume wangu ikalia, na aliyeipokea ni marehemu mwenyewe. Nikasikia, "Waalaikumu salaam, kaka, mzima? Mbona unalia?" Ukawa mkanganyo wa kiasi, yule kule anauliza nani anazungumza, huyu huku anauliza nani kafa. Walipofahamiana wakacheka mpaka mume wangu akakaa chini kwenye kizingiti. Nikaichukua simu nikamuuliza shemegi kama zile pesa nizirudishe. Akasema, "Shemegi, nishazitoa kwa ajili yake, nunulieni nyama." Basi sisi tukala pilau ya rambirambi ya mtu aliyekaa hapo anakula nasi.

Jioni ile nikawaambia wanangu kundi lifungwe. Mwenyekiti alinuna. Atajijua.

Hapo ndipo lilipozuka la pili. Mtaani pakasemwa kwamba tuliachana. Maana kwetu mtu hafungi ndoa tena na mume wake ila ametoka edda na mume alipitwa na wakati wa kumrejea. Jirani yangu mmoja, mwenye kujua kila kitu, akaja kunishauri kwa sauti ya huruma: nikafunge nikah mpya kimya kimya, tena mahari yawe makubwa "ili akome." Akome na nini? Na mwengine akasema tukithubutu kusoma nikah mara ya pili ile ya kwanza inabatilika. Ushauri wa aina hii hauna gharama, ndiyo maana ni mwingi.

Tukenda kwa sheikhe, mie na mume wangu pamoja. Akauliza, "Bi, kuna talaka hapa?" Nikasema hakuna. "Basi mnafunga nini? Ndoa yenu ni ile ile, haina tarehe ya kwisha." Akatueleza kwamba kwetu ndoa ni mkataba, mna kuoza na kukubali, na hayo yalishapita. Tukitaka kushukuru, tusome maulidi, tuombe dua, tulishe watu tunavyoweza. Nikaona jambo limekwisha, nishaanza kuinuka. Akatuuliza, kama mtu anayeuliza khabari za mvua, "Na mahari ulimaliziwa?"

Mume wangu akainamia kanzu yake akawa anatoa uzi usiokuwepo.

Mahari yangu yalikuwa msahafu, kitanda na godoro, na cherehani. Msahafu ninao. Kitanda kililetwa, kimezaliwa watoto, kimevunjika chaga, kimetengenezwa. Cherehani haikuja. Bei ya karafuu ilikuwa imeanguka miaka ile, na yeye tegemeo lake lilikuwa mikarafuu ya urithi kule Gando. Akaniambia msimu ujao. Msimu ujao ukawa bati la nyumba. Uliofuata ukawa mtoto, halafu skuli, halafu mtoto mwengine. Mie nikashona kwa mkono, na nguo kubwa nikaenda kuombea cherehani kwa wifi yangu, ambaye hakosi kukukumbusha kwamba sindano nayo inanunuliwa. Sikudai, lakini wala sikusamehe. Neno "nimekusamehe" halikuwahi kunitoka, na mume wangu alikuwa akilijua hilo.

Sheikhe akasema mahari ni haki ya mwanamke, imo kwenye Suratun Nisaa, aya ya 4. Kilichobaki ni deni kama deni lolote, na mtu akifa nalo linatolewa kwenye mali yake kabla warithi hawajagawana kitu. Akamgeukia mume wangu: "Mnatafuta ahadi ya kurudia, na ahadi mnayo haijatimizwa. Lipa, tuje tusome dua." Nilirudi nyumbani natembea mbele.

Tukapanga Mfungo Tano, mwezi wa tano baada ya Ramadhani. Wifi yangu akashika kichwa, ati mwezi wa nuksi, hakuna mwenye akili anayefanya shughuli Mfungo Tano. Haswa! Mfungo Mosi na Mfungo Tatu kila nyumba ina harusi. Mpishi humpati, masufuria makubwa yana foleni, na mualikwa anakuja kwako keshashiba kwa mwenziwe. Mfungo Tano vyote viko bure, na mpishi anakupokea kwa bashasha. Nuksi yenyewe sheikhe alishasema haimo katika dini. Mwaka ule, 2024, mwezi huo ukaangukia Agosti, kipupwe, mvua ya kutuharibia haipo.

Ila ulikuwa mwanzo wa karafuu, na hili ndilo lililoniumiza kichwa kweli. Msimu wa karafuu Pemba hakuna mtu. Mwenye kuchuma yuko mtini, wengine wanachambua, na mwenye kuanika hathubutu kuondoka, likipita wingu lazima aanue. Ukimwalika mtu mchana anakwambia "in sha Allah," na wewe unajua maana yake. Halafu viti sikutaka kukodi, nilitaka watu wakae chini kwenye majamvi, na majamvi ya mtaa mzima yamejaa karafuu.

Nikakaa nikafikiri. Karafuu zinaanuliwa lini? Alasiri, jua likipoa. Jamvi baada ya hapo lina kazi gani mpaka asubuhi? Nikahamisha shughuli baada ya Isha. Maghrib wajukuu wangu wakapita nyumba kwa nyumba kukusanya majamvi, kila moja wamelitia alama ya chaki, na alfajiri yakarudi kwa wenyewe kabla jua halijatoka. Kwa hiyo sikukodi kiti, wala turubai la kuzuia jua, na watu wote wakapata nafasi ya kuja. Majamvi yale yalikuwa yamelowa mafuta ya karafuu mpaka basi. Mtu akiinuka, makonyo, vile vijiti vya karafuu, yamemganda nyuma ya kanzu, na harufu ile alirudi nayo kwake. Udi niliochoma haukuonekana umefanya kazi gani.

Chakula, wengi wanaharibu pesa kwenye sahani. Mie nilitumia masinia, watu watano watano. Sinia halina makombo mengi, kwa sababu mwenye aibu anasogezewa na mwenzake na mwenye njaa anamaliza pembe ya mwenye aibu. Mchele kilo kumi na tano zilitutosha na zikabaki za wanawake wa jikoni. Nyama nilimwambia mpishi aikate ndogo, halafu mbatata zikatwe nusu tu, kubwa kubwa, zikaangwe mpaka zipige wekundu. Sinia likiingia, jicho linaona mbatata na kushiba kabla ya mkono. Nyama inazikwa kati. Vitunguu maji usivionee huruma, vikaange mpaka vikaribie kuungua, hapo ndipo pilau inapopata rangi yake, si kwa kutia bizari ya manjano kama wafanyavyo wengine nisiowataja. Karafuu, bila ya shaka, hatukununua. Halua ya hapa Wete nilichukua kilo moja tu, ya wazee na kahawa yao. Vijana walipewa kaimati na hakuna aliyekufa.

Sare ilikuwa kanga, kila mtu kajinunulia yake. Wanangu wa kike walinishika wakanitia singo nyumbani, liwa na asumini, na kunichora piko miguuni. Mtu mzima mimi, mwenye wajukuu, nimeinua miguu juu ya kiti saa nzima isiguse kitu, na nzi ananitembea puani.

Cherehani mume wangu aliinunua kwa fundi mmoja Chake Chake, ya zamani, ya kupiga kwa miguu, meza ya mbao na miguu ya chuma. Ililetwa juu ya dari la daladala na kufichwa kwa jirani, nami niliambiwa nisijue. Sikujua, lakini usiku nilikwenda nikaitia uzi. Mkanda ulikuwa unateleza. Nikamwambia jirani amwite fundi aubadilishe bila ya kumtaja mtu, maana haki yangu niliyoingoja miaka thelathini siipokei mbovu mbele ya watu. Nawe ukilipwa kitu hadharani, kakikague kwanza kwa siri.

Maulidi yakasomwa, watu wakasimama, mrashi ukapita. Kisha wajukuu wakaingia nayo imefunikwa kanga. Sheikhe akasoma khutba ya nikah, ile ile wanayosomewa maharusi, akasema ni ukumbusho tu. Akamtaka mume wangu aseme lolote. Huyu bwana hasemi mbele za watu; harusi ya bintiye alijificha jikoni. Akasimama, akakohoa.

"Mie nilimuoa mwana wa watu kwa mkopo. Leo nimelipa. Nilichelewa."

Akakaa. Sheikhe akaniuliza kule nilikokaa na wanawake, "Bi, umepokea?" Nikasema nimepokea. Wifi yangu, yule yule wa sindano, ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, na kilikuwa kirefu. Wengine wakaitikia mpaka watoto waliokuwa wamelala majamvini wakaamka.

Tangu usiku ule mambo si shwari mtaani. Wanawake wamekwenda kuuliza baba zao na mashahidi waliobaki hai mahari yao yalikuwa nini na yalitoka mangapi. Mmoja kagundua anadai kabati, mwengine anadai mbuzi, na huyo wa mbuzi anataka hesabu ya watoto waliozaliwa na mbuzi huyo tangu siku hiyo. Waume wawili watatu hawaitikii vizuri salamu ya mume wangu wakikutana barazani, na yule jirani wa "ili akome" kaja kwangu kuniuliza anwani ya sheikhe.