Kongowea, Soko la Kongowea

Mwaka 2004 nilikuwa kidato cha tatu Mombasa, na ndani ya mkoba wangu mlikuwa na vitu viwili nisivyotaka mama avione. Kimoja ni cheti changu cha kuzaliwa, kilichokuwa kimeitishwa shuleni. Cha pili ni nakala ya Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora, imeng'oka jalada na kurasa zimelainika kwa kupita mikono mingi.

Cheti chenyewe nilikuwa nimekitazama vizuri wiki hiyo kwa mara ya kwanza. Penye jina la mama pameandikwa jina la mama. Penye jina la baba taipureta imegonga X mstari mzima, kwa nguvu hata ukipapasa nyuma ya karatasi unaziona kwa vidole. Ndivyo sheria ya Kenya ilivyokuwa: mtoto akizaliwa nje ya ndoa, jina la baba haliandikwi mpaka wazazi wote wawili waombe. Ilidumu hivyo hadi 2016, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba inakwenda kinyume cha Katiba. Mimi wakati huo sikujua habari za vifungu. Nilijua kwamba kuna mtu alikaa ofisini akanigongea X.

Wenzangu darasani walicheka waliposikia shujaa wa riwaya anaitwa Kongowea Mswahili. Nani humpa mtoto jina la soko? Mimi sikucheka. Mama alikuwa akiuza nyanya katika soko hilohilo la Kongowea, ng'ambo ya daraja la Nyali, na nusu ya utoto wangu niliilala juu ya magunia yake. Kongowea wa kitabuni anakulia Tanga bila baba, mama yake mwimbaji wa taarab anakufa, naye anavuka kuingia Kenya kumtafuta baba hadi Kitale. Nilimaliza kusoma kumekucha. Kila alipopanda gari nilipanda naye. Nikaanza kuweka nauli, shilingi kumikumi, ndani ya soksi.

Nilichokosa ni jina. Yeye alijua anamtafuta nani.

Basi Jumamosi moja nikaenda sokoni na mama alfajiri, nikiwa nimeazimia kuuliza. Malori ya Taita yalikuwa yameshashusha, mikokoteni inapita, watu wanapiga kelele wapishwe. Mama alikuwa amekaa juu ya kreti iliyopinduliwa, anachambua nyanya kwa mwanga wa taa ya chemli. Anaichukua moja, anaifuta kwa pindo la leso, anaigeuza aone kikonyo, kisha anaiweka kwenye fungu lake: ngumu za kukaa, zilizoiva za leo, na zile zilizopasuka za wenye hoteli. Haangalii mikono. Nikashindwa kuuliza. Nikaanza kumsimulia riwaya.

Nilisimulia yote, na naamini alijua tangu mwanzo ninakoelekea. Nilipofika Kitale akanikatiza.

"Na huyo mama yake, wamsema alikuwa akiimba?"

"Ndiyo, mama. Taarab."

"Akaimba mpaka lini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimempita mama wa Kongowea mbio, kama kituo ambacho basi halisimami.

Akaifuta nyanya nyingine. "Mimi pia nilikuwa naimba," akasema. "Kwaya, kule Wundanyi. Sauti ya kwanza. Mimba yako ilipoonekana wakaniambia nirudishe joho. Nikalifua, nikalipiga pasi, nikalipeleka."

Alisema hivyo kwa sauti ileile anayotajia bei. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na sikuwahi kumsikia mama akiimba hata wimbo mmoja, wala sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Halafu, bila mimi kuuliza, akanitajia jina la baba. Alikuwa dereva wa lori la mboga. Alipoambiwa ana mtoto njiani aliomba kubadilishiwa njia, na hilo ndilo jambo la mwisho mama alilolisikia. "Ukitaka kumtafuta, mtafute," akasema. "Nauli yako nimeiona kwenye soksi. Ila Kongowea aliondoka mama yake ameshazikwa. Wewe ukienda, nenda ukiwa umeniuliza mimi kwanza."

Jina lile nimelihifadhi. Kitale nimefika baadaye, kwa shughuli nyingine, nikatembea mjini nikimwazia mtoto wa kitabuni kuliko dereva wa lori. Walibora mwenyewe alifariki Nairobi, Aprili 2020, kabla sijapata nafasi ya kumwambia kilichotokea sokoni kwa sababu yake, na hilo linaniuma mpaka leo.

Asubuhi ile mama alijipangusa mikono, akaniuliza kama kitabu ninacho. Nikakitoa mkobani, na cheti kikatoka nacho. Alikiokota, akakitazama upande wa zile X, akakikunja na kukifunga kwenye pindo la leso pamoja na pesa zake.

"Nisomee," akasema. "Anza mwanzo, usiniruke mama yake."

Nikasogeza chemli, nikaanza. Sikuwa nimegeuza ukurasa wa pili mwanamke mmoja mwenye mkoba mkubwa aliposimama mbele yetu akauliza kreti ni pesa ngapi.

"Ngoja kidogo, dadangu," mama akamwambia. "Huyu ananisomea."