Wiki tano kwenye geti moja

Machi 2006 mradi wa jiji la Dar es Salaam wa kudhibiti malaria ulianza kumwaga dawa ya viluwiluwi katika kata tatu: Buguruni, Kurasini na Mikocheni. Mimi nilikuwa mkaguzi Mikocheni. Tulichaguliwa kutoka mitaa yetu wenyewe, kila mtu akapewa mashina yake ya nyumba kumi, tukachora ramani kwa mkono: kiwanja kwa kiwanja, mtaro kwa mtaro. Mwenzangu alimwaga dawa, mimi nilipita baada yake na upawa mweupe wenye mpini mrefu, nachota maji na kutazama kama kuna kilichobaki hai.

Kutazama kwenyewe kunahitaji utulivu. Inabidi usubiri maji yatulie ndani ya upawa, ukae hivyo jua likupige mgongoni. Kiluwiluwi wa mbu wa malaria hulala bapa juu ya maji kama kijiti kinachoelea. Yule wa mbu wa chooni huning'inia, kichwa chini mkia juu. Ukishawaona mara moja huwachanganyi tena.

Dawa ilikuwa bakteria waliopakwa kwenye chenga za magunzi ya mahindi, tunazirusha kwa mkono kama mtu anayelisha kuku. Kiluwiluwi akila, utumbo wake unaharibika na anakufa. Lakini akishafikia hatua ya kujikunja kama alama ya mkato hali tena, kwa hiyo dawa haimgusi, na siku moja mbili baadaye anaruka. Kwa joto letu, kutoka yai hadi mbu ni siku saba hadi kumi tu. Ndiyo maana ilikuwa lazima kila dimbwi lifikiwe kila wiki. Na ndiyo maana mageti yalinikosesha usingizi.

Kulikuwa na kiwanja kimoja chenye ukuta mrefu, nyumba imeishia kwenye msingi. Masika yalikuwa yameanza na kupitia upenyo wa geti niliona maji yamesimama ndani ya msingi, masafi, yanapigwa na jua. Anofelesi, yaani mbu wa malaria, hatafuti maji machafu, anatafuta hayo hayo. Mlinzi, mzee wa makamo, akaniambia bosi hataki mtu aingie. Wiki ya pili nilikwenda na barua yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Akaisoma yote, akanirudishia kwa adabu. Wiki ya tatu nilimwomba mjumbe wa shina anisindikize. Mjumbe akapiga simu kwa mwenye kiwanja, akajibiwa kwamba watu wa miradi wakishaingia vitu hupotea. Sikumlaumu sana. Mjini watu wameibiwa na waliojitambulisha kwa barua kama yangu.

Nilichokosea, nilijua baadaye, ni kwamba nilikuwa namwona mlinzi kama kufuli. Wiki ya nne sikuomba kufunguliwa. Nilimsalimia, "Shikamoo mzee," nikauliza analala wapi. Akanionyesha kiti cha plastiki chini ya mwembe. Nikamuuliza habari za homa. Akasema ameshakwenda zahanati mara mbili tangu mvua zianze, na mara zote damu imeonyesha malaria. Chandarua anacho, kiko chumbani kwake alikopanga, lakini mtu wa lindo chandarua kinamsaidia nini saa nane usiku? Pale mjini kwetu mbu wa malaria wanauma sana nje ya nyumba, na watu kama yeye ndio wanaowakuta.

Nikampa chupa tupu ya jemu, kipande cha neti na mpira wa kufungia. Nikamwomba achote maji ya pale msingini mwenyewe, mimi nikiwa nje, afunge mdomo kwa neti, aiweke kivulini. Basi.

Wiki ya tano nilipofika alikuwa amesimama nje ya geti, chupa mkononi. Mbu walikuwa wametulia kwenye neti, matako juu, kama anofelesi wanavyokaa. "Dada, hawa nimewafuga mimi?" Nikamwambia hapana, ni msingi uliowafuga. Alimpigia bosi wake mwenyewe, mbele yangu, akamweleza alichokiona. Sikusikia upande wa pili ulisema nini. Geti likafunguliwa, mwenzangu akamwaga dawa, na kesho yake nilipochota mara kumi sikupata kiluwiluwi hata mmoja aliyekuwa hai.

Tangu hapo chupa ya jemu haikutoka mkobani. Kwa wakulima wa mchicha pembeni mwa mto ilinisaidia kidogo tu, maana hofu yao ilikuwa nyingine: wakidhani dawa itaunguza mboga na wateja watawakimbia. Hao niliwaomba tutie dawa kwenye kisima kimoja, wamwagilie tuta moja, wasubiri. Mchicha ukaota kama kawaida. Mama mmoja akaanza kufukia visima vyake vya zamani bila kuambiwa, jambo ambalo ni bora kuliko dawa.

Kilichotusumbua mpaka mwisho ni kelele za usiku. Watu walisema, mbona mbu bado wapo? Na walikuwepo kweli, wale wa vyooni na mashimo ya maji machafu, ambao ndio wengi zaidi na ndio tunaowasikia masikioni. Nilijifunza kulisema hilo mapema, mlangoni, kabla ya kusifia dawa yoyote.

Mwaka uliofuata nyumba ile ilijengwa, msingi ukafukiwa, nikakifuta kiwanja kwenye daftari langu. Mlinzi alihamishiwa lindo jingine, kata ambayo dawa ilikuwa bado haijafika. Mvua zilipoanza alinipigia simu. Kuna shimo la mchanga nyuma ya ukuta, akasema, ameshachota na ameshaona wamelala bapa. Akauliza huku kwao tutaanza lini.