Shavu Liliwaka Moto Bila Kipele Hata Kimoja

Usiku ule nilikuwa vitani na mende. Nilipuliza dawa nyuma ya kabati la jikoni, nikapuliza chini ya sinki, kisha hasira ikanipeleka mpaka chumbani: pembeni mwa kitanda, chini ya godoro na, naona aibu kulisema, juu ya mto. Kopo lilikuwa linavuja pale pa kubonyezea, dawa ikanichuruzika kiganjani hadi kwenye kifundo cha mkono. Nikajifuta kwenye suruali, nikalala.

Saa nane usiku nikaamka shavu linachonyota, lile nililolilalia. Haikuwa kuwashwa kwa kuumwa na mbu. Vilikuwa vijisindano vinavyochomachoma, likafuata joto, halafu midomo ikashika ganzi kidogo. Nikajitazama kwenye kioo: ngozi ni ileile ya jana, hakuna kipele wala wekundu. Nikasema labda ni jasho tu, nikaenda kuoga maji ya moto na kujisugua kwa taulo. Lo! Moto ukazidi, nikakesha nimekaa kitandani, tena nimeegemea mto uleule.

Asubuhi nilikwenda kwa mfamasia na kopo lenyewe mkononi, na katika yote niliyoyafanya hilo ndilo pekee lililokuwa la akili. Mama wa watu hakunitazama usoni kwanza. Aligeuza kopo akasoma maandishi madogo. "Mwanangu, na maji ya moto ukajimwagia?"

Akanieleza kwamba viuadudu vilivyomo ni vya jamii ya pairethroidi, vilivyotengenezwa kwa kuiga sumu iliyomo kwenye maua ya pareto. Mdudu hufa kwa sababu neva zake zinashindwa kutulia: vijilango vya kupitishia sodiamu hukawia kufungwa, ishara zikawa hazikomi. Dawa ikigusa ngozi ya mtu, ncha za neva zilizo karibu na juu hupata misukosuko hiyohiyo, ila kwa kiasi kidogo. Ndiyo maana mtu anaungua na kioo hakionyeshi kitu. Joto, jua na jasho huzidisha. Kwa kawaida hali hiyo huisha ndani ya saa 24.

Alinipa mafuta ya vitamini E nipake, akaniambia ninawe kwa sabuni na maji ya baridi, taratibu, bila kusugua. Shuka, foronya na ile suruali nikavifua peke yake, mbali na nguo nyingine. Mto niliutupa; kuufua ningeweza, lakini sikuwa na hamu nao tena. Kufikia usiku shavu lilikuwa limetulia.

Nikadhani yamekwisha. Siku ya tatu kifundo cha mkono kikaanza kuwasha, na safari hii ilionekana wazi: mstari mwekundu wenye malengelenge madogomadogo, ukifuata njia ileile dawa ilimochuruzikia. Kopo moja, mambo mawili tofauti. Daktari alisema hapo ngozi yenyewe ndiyo imeumia, ama kwa vimiminika vya jamii ya mafuta ya taa vinavyoyeyushia dawa, ama kwa mzio, ambao mara nyingi hujitokeza baada ya siku moja hadi tatu. Kujua ni kipi kati ya hivyo kunahitaji kipimo cha kubandikwa viraka mgongoni, navyo husomwa baada ya siku mbili na kurudiwa tena baadaye. Nikapewa krimu ya haidrokotisoni, dawa ya kutuliza mwasho na uvimbe wa ngozi, na onyo: uso au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, nisihangaike na krimu, niende hospitali mara moja.

Siku hizi nasoma kopo kabla ya kubonyeza, kazi ya dakika mbili ambayo miaka yote niliiona ya watu waoga. Navaa glavu, napuliza kwenye nyufa tu, kitandani kamwe. Natoka, nafunga mlango, nikirudi nafungua madirisha yote hadi harufu iishe, na mikono nainawa kabla ya kugusa uso. Jikoni nimehamia kwenye chambo cha jeli, maana hakirushi chochote hewani. Kifundoni malengelenge yalikauka baada ya wiki moja hivi, yakaacha mstari mweusi ambao haujafutika wote.