Kaskazi, chumvi na mwili wa mwanafunzi mgeni

Unguja, Januari

Kaskazi imeshika na joto halipungui hata usiku wa manane. Msimu huu ndio unaowaelemea zaidi wanafunzi waliotoka nchi za baridi, wawe kampasi ya Vuga wanasoma Kiswahili au ya Tunguu kwenye masomo mengine. Wiki ya kwanza ni kichwa, uchovu na tumbo, na lawama zote huangukia chakula. Naona mara nyingi chakula kinasingiziwa.

Mwili unataka kama wiki 1 hadi 2 kuzoea joto. Katika siku hizo unajifunza kutoa jasho mapema na kuibana chumvi isitoke nyingi. Mgeni asiyelijua hili huzurura Mji Mkongwe saa saba mchana tangu siku ya pili, kisha anamimina tumboni chupa tatu za maji kwa mkupuo. Kiu inakwisha, kichwa bado kinagonga, maana jasho limeondoka na chumvi na maji matupu hayairudishi. Anywe kidogo kidogo tangu asubuhi, ale mlo wenye chumvi yake ya kawaida, matembezi yasubiri alasiri ipite. Mkojo ndio kipimo: ukikoza rangi, maji hayajatosha.

Harara ikitoka shingoni na mgongoni, aoge maji baridi, ajikaushe vizuri, avae pamba. Mafuta mazito yanaziba vinyweleo na kuzidisha.

Tumbo likiharibika kweli, kazi ya kwanza ni kurudisha maji yanayopotea. Dukani kuna pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji, na hapa ndipo wengi wanapokosea: pakiti ya lita 1 inakorogwa kwenye gilasi moja. Isomwe kabla ya kuchanwa. Ikikosekana, chukua lita 1 ya maji yaliyochemka na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kila kijiko kisawazishwe kwa mgongo wa kisu; kijiko cha mlima hakifai. Sukari ikizidi huvuta maji kuingia utumbo na kuharisha kunaongezeka. Chumvi ikizidi ni hatari zaidi. Mtu mzima anywe gilasi moja kila anapotoka chooni, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Akiona damu, au homa ikipanda, aende hospitali siku hiyo hiyo apimwe na malaria pia, hasa kama ametoka safari ya bara.

Kuna jambo wenyeji hatulizungumzi vya kutosha. Wageni wengi humeza doksisaiklini kila siku kujikinga na malaria. Dawa hii inaifanya ngozi iungue upesi na jua. Anayerudi kutoka pwani mwekundu kama kamba aliyechemshwa huenda ni dawa, wala si weupe wake tu. Mikono mirefu na kofia ni lazima. Tena imezwe kwa gilasi nzima ya maji, na asilale kwa nusu saa au zaidi, kwani kidonge kikikwama kooni kinachoma. Anayekimeza kitandani akiwa tayari ndani ya chandarua anajitafutia maumivu ya kifua.

Unene nao huja kimya kimya. Wali wa nazi mchana, urojo jioni, lakini mimi naihofia zaidi chai. Nyumba nyingi sukari hutiwa ndani ya birika, kwa hiyo mgeni hana pa kupunguzia, na kukataa kikombe anaona ni utovu wa adabu. Vijiko vidogo 3 kwa kikombe, vikombe 4 kwa siku, ni karibu gramu 48, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni kama gramu 50 kwa siku. Soda moja tu inamvusha.

Basi kwa mama anayemlaza mwanafunzi nyumbani kwake: birika lije bila sukari, kisahani cha sukari pembeni, na "karibu mwanangu, jitilie mwenyewe."